Ugali wa Tumboni

Saa sita mchana, mlinzi mpya wa magari aliingiza mkono ndani ya shati, akatoa bonge la ugali lililofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Mfuko ulikuwa umelowa jasho.

Nikasahau gari nililokuwa naliongoza liegeshwe.

Msituni, wakati wa vita, ndivyo tulivyobeba chakula. Mchana hatukuwasha moto, maana moshi ungetusaliti. Tulisonga ugali kabla ya alfajiri, kila askari akaubana wake tumboni, tukatembea nao mpaka amri ya kula itoke. Raia habebi hivyo. Raia ana bakuli.

Mwaka mzima nimelinda magari hapa ugenini, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Greyville, bila mtu wa kumwambia habari hizo.

Nikamwendea. "Kaka, jina nani?"

"Kashindi."

"Kule kwetu Kongo, ulikuwa unafanya kazi gani?"

Akatafuna polepole. Hakunitazama usoni. Alitazama shati langu, pale lilipovimba juu ya mkanda.

"Nilikuwa mwalimu," akasema. "Shule ya primaire."

Uongo huo naujua. Ni wangu; mtaa mzima wa Albert Park, tunakoishi wakimbizi, nimeuambia huohuo.

"Hata mimi," nikasema. "Primaire."

Hakuuliza nilipigania upande gani. Mimi pia sikuuliza.

Akanipisha kwenye ukingo wa barabara. Nikatoa ugali wangu. Tukaketi mgongo kwa mgongo, yeye akilinda geti, mimi nikilinda barabara, tukala.