Aliyesamehewa Kujifunza

Katika mji wao, aliyetamka "Umri umenipita" alisamehewa kujifunza maisha yake yote, na kisikizi kilichotiwa sikioni mwake kilimzuilia kusikia kila jambo jipya. Bi Mashavu aliyatamka maneno hayo kwa furaha, siku alipoletewa jiko la kuwashwa kwa kusemeshwa.

"Samaki mkavu hakunjiki," alimwambia bintiye, Tabia.

Mwaka haukwisha, Tabia akajifungua. Alimpakatisha mamaye kichanga.

"Mpokee mumeo, mama."

"Mume gani huyu, hana hata jino? Jina lake nani?"

Midomo ya Tabia ilicheza, sauti isisikike.

"Sema tena, mwanangu."

Tabia alirudia polepole, mpaka machozi yakamlengalenga. Basi Bi Mashavu akambembeleza mtoto kwa jina la mwanawe wa kwanza, aliyezikwa angali mdogo, na hapakuwa na namna ya kumsahihisha.