Kamba ya Kisimani

Bi Mwatime hakuweza kuutoa moyoni uvumi alioukuta dukani: wapo wauzaji wanaochovya katani katika maji ya magome ya mkoko mpaka iwe nyekundu, kisha wakaiuza kwa jina la usumba, ule wa makumbi ya nazi. Na mwanawe Mbaruku siku hiyo alikuwa akizibua kisima cha mtaa.

Alikwenda mbio. Kamba ilikuwa mikononi mwa wanaume wawili, Mbaruku yuko chini kabisa.

"Mama Mbaruku, hata kisimani unamfuata? Mletee na uji basi," alicheka mmoja wao, Haji.

"Kamba gani hii?"

"Usumba. Hauozi huu."

Bi Mwatime akaifumua ncha ya kamba. Usumba ameusokota tangu utotoni, nyuzi zake fupi na zinachoma kiganja. Uzi huu ulikuwa laini, mrefu kama mkono. Akaukwaruza kwa ukucha, weupe ukatokea.

"Hii katani, Haji, majini inaoza! Imelala majini siku ngapi?"

Haji hakucheka tena. "Wiki ya tatu."

"Nipandisheni!" Mbaruku alipiga kelele toka chini. "Maji yanafika kifuani!"

Kamba nyingine haikuwapo. Wakavuta taratibu, mama naye akishika. Pale kamba ilipopinda ukingoni, nyuzi zilikatika moja moja, zikasimama kama vinyweleo vya mwili. Mikono ya Mbaruku ilishika ukingo kabla uzi wa mwisho haujakatika.

Basi, usinunue kamba kwa jina lake. Usinunue iliyotiwa rangi. Usiiache katani ilale majini. Usimwache mwanao ashuke kwa kamba ambayo hujaifumua kwa mkono wako.