Ngazi za Mbao

Hedifoni ya kwanza ilikuwa ya wachezaji wa michezo ya vita ya kompyuta, na Mwanakuu aliivua kabla bomu la pili halijalipuka. Jirani alishalalamika kwamba filamu anazotazama Mwanakuu zinavuma ukutani kutwa. Hakuja dukani kutafuta vita vingine.

"Basi jaribu hii, mama," muuzaji alisema, akamvisha nyingine juu ya mtandio. "Sauti yake hukuzunguka. Fumba macho usikize."

Mvua ilinyesha kushoto. Kisha, nyuma yake, mtu akaanza kupanda ngazi za mbao kama zile za nyumbani kwake Mji wa Kale, taratibu, kama aliyetoka sokoni na kikapu kizito. Hatua zikafika begani pake, zikasita.

Mwanakuu akakusanya buibui lake, akajivuta hadi ukingoni mwa benchi la duka alilokalia, akapafuta kwa kiganja pale alipopaacha.

"Unamngoja mtu, mama?"

Alifumbua macho. Upande ule wa benchi ulikuwa mtupu.

"Sina mtu, mwanangu," alisema. "Hebu irejeshe pale anapoanza kupanda."

Akafumba macho tena, lakini hakurudi katikati ya benchi.