Koti Jeupe

"Chuo chetu cha uuguzi hakina mpinzani!" mkuu alijigamba, akafungua chumba cha mazoezi. Baba aliitikia kwa kichwa, lakini binti yake machale yalimcheza. Mwanafunzi alikuwamo mmoja tu, na koti lake jeupe bado lilikuwa na mikunjo ya dukani.

Simu ikaita, mkuu akatoka.

"Dada, walimu wa hapa wanafundisha vizuri?" binti akauliza.

Mwanafunzi akatupa jicho mlangoni. "Sijui, mdogo wangu. Hata mimi nimekuja leo asubuhi kuulizia nafasi. Wamenivisha koti, wakaniambia nisimame hapa nitabasamu."

Mlango ukafunguka. Mkuu alikuwa anachekelea, na mkononi ana koti jingine.

"Binti, hebu jaribu hili. Kuna wageni wengine getini."