Begi Likitoka

"Mwaga," mlinzi alisema, na kwa siku ya tatu mfululizo fundi akalipindua begi lake juu ya meza ya mapokezi. Bisibisi zikabingirika. Koleo, vipande vya waya, brashi ya vumbi, kopo la chakula. Watu watatu waliokaa kwenye benchi, bahasha za akiba zao magotini, wakamtazama kama anavyotazamwa mwizi.

"Kagua vizuri," Mishumaa alipaza sauti kutoka ofisini. "Huyo mkono wake mrefu."

Mishumaa ni jina alilopewa na mtaa, kwa kuwa kutwa alikuwa akihubiri mishumaa ya kijani na myekundu, vile vijiti vinavyopanda na kushuka kwenye chati za bei za sarafu, alikochezea akiba za watu akiahidi kuzirudisha maradufu. Miaka miwili nyuma, akiwa mkubwa wake kazini, alimsingizia fundi kwamba ameiba kompyuta yake ya mkononi. Fundi akalala mahabusu siku nne, kazi ikaota mbawa. Siku ya tano kompyuta ikaonekana chini ya kiti cha gari la Mishumaa mwenyewe. Aliomba radhi? Hata kukohoa hakukohoa.

Sasa alimwita amfungie kompyuta ya biashara, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Mji mzima ulijua kwamba kompyuta iliyofungwa na fundi huyu haigandi. Mtangazaji mkuu wa habari hiyo alikuwa mama yake, mkunga mstaafu, aliyemsifu mwanawe hata kwenye foleni ya maji. Ndiye pia aliyempelekea chakula mahabusu siku zote nne, kwa miguu.

Kazi ilikwenda kama inavyotakiwa. Skrini sita, tatu juu na tatu chini. Betri kubwa ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika. Laini mbili za intaneti, moja ikifa nyingine idake. Mishumaa alisimama nyuma yake na kikombe cha kahawa, akichomoa waya huu na ule kwa kujaribu. Kompyuta haikutikisika.

"Kumbe hata wewe una faida," Mishumaa alisema. "Lakini ikikwama siku ya kazi, nitakurudisha kule kule ulikolala."

Fundi akatabasamu, moyoni akiungua. Akutendaye mtende, walisema wahenga, na yeye hakuwa mtu wa kubishana na wahenga.

Mlinzi alikuwa akikagua begi likitoka. Likiingia, hakuligusa.

Asubuhi ya siku ya nne, ndani ya kopo la chakula kiliingia kijiti cha kumbukumbu, ile RAM ya ndani ya kompyuta, kilichotolewa kwenye kompyuta mbovu ya mteja mwingine. Ukikipa kazi ndogo ndogo, kilitulia kama mtoto aliyeshiba. Ukikitwisha mzigo mzito kwa ghafla, kilizimia na kompyuta nzima. Fundi alikipachika, na kile kizima alichokichomoa akakiacha kwenye droo ya Mishumaa. Alitaka kulipiza kisasi, hakutaka kuiba.

Ijumaa ya wiki ile, saa tisa na nusu alasiri, takwimu kubwa za uchumi zingetangazwa, na bei hapo hukimbia kama zimemwagiwa maji ya moto. Skrini zote sita zingelemewa kwa pamoja.

Jioni alipofika nyumbani, alimkuta mama akivisugua viatu vyake vya kwendea mjini.

"Mashine ya yule shetani umeimaliza?"

"Nimeimaliza leo."

"Umeifunga kama unavyofunga zote? Haigandi?"

Fundi alijifanya anatafuta kikombe. Mama hakumlea awe mharibifu wa kazi, na angeujua ukweli, angemzaba kofi na ndevu zake hizo.

"Haigandi, mama. Uliwahi kusikia yangu imeganda?"

"Basi nimeridhika," mama alisema, akakitemea mate kiatu cha pili na kuendelea kusugua.

Ijumaa fundi alikaa kwenye mgahawa unaotazamana na ofisi ile. Saa tisa na dakika thelathini na mbili alisikia yowe. Skrini sita zilikuwa zimekufa macho wazi, na Mishumaa amenaswa katikati ya biashara asiyoweza kuifunga. Simu yake ilikuwa garini. Alipoifikia, bei ilikwishaporomoka na akaunti imefyekwa hadi sifuri. Habari zilitoka ofisini kabla yake. Watu wa bahasha wakajaa mlangoni wakipiga kelele.

Mishumaa alitoka akitweta, tai imepinda, akamwona fundi ng'ambo ya barabara.

"Wewe! Umenifanyia nini?"

"Begi langu lilikaguliwa kila siku, bosi," fundi alijibu. "Muulize mlinzi kama nilitoka na chochote."

Miaka miwili hakuwahi kujisikia mwepesi vile. Alitembea hadi nyumbani akipiga mluzi, akausukuma mlango kwa bega.

"Mama! Yule shetani amefilisika!"

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu vya mjini bado miguuni, simu mkononi. Mapajani pake palikuwa na bahasha tupu.

"Wenzangu walioko pale wamenipigia," alisema polepole. "Kiinua mgongo chote, mwanangu. Nilikipeleka leo asubuhi."

Fundi alishika fremu ya mlango.

"Kwa yule? Mama, mtu aliyenifunga?"

"Yeye sikumwamini hata chembe," mama alisema, akainua uso. "Ndiyo maana nilikuuliza wewe kwanza."