Bakuli la Tatu

Suyun alimpokonya mkewe bakuli la maziwa likiwa tayari mdomoni, akaligugumia lote yeye, maziwa yakimchuruzika ndevuni.

Wageni waliojaa hemani wakaangua kicheko. "Mlafi we! Mke katoka hospitali leo, nawe unamwibia?"

Mama yake Suyun hakucheka. Alikuwa ameshuka mlimani na kiriba cha maziwa ya farasi yaliyochachuka, aje amkaribishe mkwewe aliyetoka kutibiwa saratani ya damu. Akajaza tena. "Hili lake."

Suyun akalinywa na hilo. La tatu mama alilishikilia kwa mikono miwili. "Unanidharau mbele za watu?"

"Mama, dawa zimeua saratani, zimeua na kinga yake! Daktari kasema maziwa mabichi yanaweza kumzika!"

 

Mama akamtazama mkwewe, ambaye hakubaki na unywele hata mmoja kichwani. Kisha akageukia jiko.

"Leteni sufuria."

"We bibi!" mzee mmoja akaruka. "Tangu lini maziwa haya yakachemshwa?"

"Tangu leo," akasema, akamimina.