Uumbaji kwa Penseli

Mgeni aliingia kimya kimya, akaketi kwenye dawati la nyuma kabisa, kando ya dirisha la mbao lililofunguliwa nusu. Kisha akatazama juu.

Mwalimu wa biolojia akamtupia jicho. Asubuhi ile mwalimu mkuu alikuwa amemshika bega. "Mkaguzi wa elimu anakuja, na mchungaji mwenye shule anakuja. Nani atatangulia, sijui. Jipange, mwanangu."

Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi huo, na yeyote kati ya wale wawili angeweza kumfungisha virago. Hakuwahi kumwona hata mmoja wao.

Lakini alikuwa amejipanga. Ubaoni zilining'inia karatasi mbili za manila, moja juu ya nyingine. Ya juu ilikuwa ya mkaguzi: "Uumbaji ni imani ya kidini kuhusu chanzo cha viumbe. Si nadharia ya kisayansi." Ya chini ilikuwa ya mchungaji: "Uumbaji ni nadharia ya kisayansi kuhusu chanzo cha viumbe, sawa na mageuko."

Akaanza na ya juu. Alipofika kwenye "si nadharia", mgeni akatikisa kichwa kwa masikitiko, macho bado juu.

Mchungaji huyu, mwalimu akajisemea. Akakohoa, akafunua karatasi ya pili. Kwa haraka yake nusura apige teke ndoo iliyokuwa chini ya ubao.

"Tufute, Mwalimu?" akauliza msichana wa dawati la mbele. Somo hili darasa zima waliliandika kwa penseli.

"Futeni."

Mgeni akafumba jicho moja, kama mtu anayepima jambo asiloliamini. Jasho likamtoka mwalimu. Mchungaji gani wa kupima pima? Huyu ni mkaguzi! Akairudisha ile ya kwanza.

"Tufute tena?"

"Futeni. Kwani raba inauma?"

"Haiumi, Mwalimu. Imekwisha."

Darasa likacheka. Mgeni hakucheka. Aliinamisha kichwa kuelekea dirishani, midomo ikicheza polepole, akatulia, kisha ikacheza tena.

Anasali, Mungu wangu! Mwalimu akaivuta karatasi kwa nguvu hadi ikachanika pembeni. "Kwa hiyo, kama nilivyosema tangu mwanzo," akatangaza, "uumbaji ni nadharia ya kisayansi."

"Mwalimu," sauti ikatoka katikati ya darasa, "daftari langu limetoboka."

Mgeni akasimama, akajifuta vumbi magotini.

"Samahani, Mwalimu. Mimi ni fundi wa paa, nimeambiwa darasa hili linavuja. Malizia tu somo lako, nitasubiri." Akaelekeza kidole gumba dirishani. "Ila hawa wazee wawili waliosimama hapa nje, mkaguzi na mchungaji, wanauliza kama kuna karatasi ya tatu."